Gari Jekundu la Mkunga

Kila asubuhi, kabla hajateleka birika la chai, Kiyomi Watabe huchukua kijiti chake cha mti mgumu, urefu wa mkono, akaegemeza ncha moja kwenye ubavu wa friji na nyingine akaitia sikioni. Husimama hivyo huku kafumba macho. Akitoka kwenye friji huenda kwenye hita ya maji, halafu mashine ya kufulia. Siku akiamka na furaha humalizia kifuani pa mumewe, Eikichi, ambaye wakati huo bado yuko kwenye godoro.

"Nitapona?" Eikichi huuliza bila kufumbua macho.

"Mkanda wako umelegea kidogo, Baba. Lakini theluji utaiona."

Kijiti hicho kilimlisha miaka thelathini na mmoja. Alikuwa mtunza boila, tanuri la kupashia maji moto, kwenye nyumba ya kuogea ya mtaani kwao, hapa Yonezawa, kaskazini mwa Japani, na boila ukiisubiri mpaka itoe moshi mweusi umeshachelewa. Lazima uisikie ikiwa bado inanong'ona. Mwezi wa Juni mwenye nyumba ya kuogea alizeeka vya kutosha, akafunga mlango, akaenda kuishi kwa bintiye. Tangu siku hiyo sikio la Kiyomi halikuwa na kazi. Friji lenyewe lilichoka kusikilizwa.

Mwanzoni mwa Oktoba simu ililia. Alikuwa Orie, mama mwenye nyumba ya wageni ya Sawanoyu, juu kabisa kwenye njia ya mlimani. Chemchemi yao hutoka vuguvugu, bila boila hakuna anayeoga. Orie si mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Mtunza boila wangu kaondoka. Wewe nasikia unajua. Lakini nikwambie kabisa, yule gari lilimfia Januari kwenye kona ya saba. Wageni wangu wakaingia kwenye maji baridi kama vyura. Sitaki tena kuambiwa habari za gari. Ukipata la kuaminika, njoo Jumatatu. Usipopata, kuna mtu mwingine hapa bondeni."

"Nitapata," Kiyomi akasema, akakata simu, ndipo akakumbuka kwamba nyumbani kwao kuna baiskeli mbili tu.

Eikichi, aliyefanya kazi posta mpaka akastaafu, alidhani watanunua kigari kidogo cha mraba kama cha watu wote. Kiyomi akamwambia anataka gari la michezo. La haibridi, linalotumia petroli na umeme pamoja, viti viwili, gia za mkono. Eikichi akaweka chini vijiti vya kulia.

"Mama. Una miaka hamsini na minane."

"Miaka thelathini na mmoja nimeendesha lori la kuni la watu. Nimekaa juu vya kutosha. Sasa nataka kukaa chini."

"Na theluji?"

"Ile njia inasafishwa saa kumi na moja kila alfajiri. Na zile kona zinataka gari lililoshika ardhi, siyo kabati lenye magurudumu."

Eikichi akaweka sharti. Kilomita ziwe chache. Katika hilo hakuwa peke yake. Huku kwetu gari likivuka kilomita laki moja watu huanza kulitaja kwa sauti ya chini, kama mgonjwa aliyekatiwa tamaa.

Jumamosi wakapanda basi mpaka yadi ya Numazawa, nyuma ya mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Numazawa ni mtu mnene mwenye kofia ya sufu, anauza magari yaliyotumika na anapenda kula kuliko kuuza. Siku hiyo alikuwa na sufuria la mchuzi wa magimbi na nyama ya ng'ombe likitokota mlangoni mwa ofisi. Alikuwa na magari mawili ya aina aliyoitaka Kiyomi, jeupe na jekundu. Jeupe lilikuwa mbele, linang'aa mpaka unajiona meno. Jekundu lilikuwa nyuma ya rundo la tairi.

Eikichi akachungulia dashibodi ya lile jeupe, akapiga kelele kama mtoto aliyeokota yai.

"Mama, hili hapa! Elfu kumi na tisa! Hata kandambili zangu zimetembea zaidi!"

"Lilikuwa la daktari wa meno," Numazawa akasema kwa fahari. "Kalinunua jipya, akawa analitoa Jumapili tu, tena jua likiwaka. Siku nyingine zote lilijifunika blanketi."

Eikichi akaingia, akakaa, akavuta pumzi ndefu. "Linanuka upya," akasema. Alikuwa amekuja na mto wa kukalia kutoka nyumbani. Akautandika.

Kiyomi hakuingia. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakuta ina joto.

"Bwana Numazawa, nani kaliamsha?"

"Mimi, mama. Mgeni akija si unafagia?"

"Sasa daktari akija ukishamnywesha mgonjwa dawa, ataona nini?"

Numazawa akacheka mpaka kofia ikamteremkia usoni. "Basi tufanyeje?"

"Tule magimbi mpaka lipoe."

Wakala. Eikichi alikula mabakuli matatu na kusifu gari katika kila moja. Numazawa aliongeza vitunguu, akaongeza habari za daktari wa meno. Kiyomi alikula kidogo kidogo, na kila baada ya muda alinyanyuka kwenda kugusa boneti, kama mtu anayeangalia homa ya mtoto. Ilipopoa kabisa akafuta mdomo.

"Haya, Baba. Liwashe."

Eikichi akawasha. Lile jeupe likatoa sauti, nye-nye-nye-nye, kisha injini ikashika na kunguruma vizuri.

"Zima. Washa tena."

Nye-nye-nye-nye.

"Sauti ya gari hiyo," Eikichi akasema dirishani, anatabasamu.

"Ndiyo. Na hili halitakiwi kuwa nayo."

Mafundi wa magari wa mji mzima walikuwa wakija kuogea kwake jioni kusugua grisi, na mtu akiwa ndani ya maji ya moto hana siri. Kiyomi alikuwa amesikia mengi kupitia ukutani. Akawaeleza taratibu. Haibridi ya aina hii injini yake huamshwa na mota ya umeme, na mota hiyo hulishwa na betri kubwa iliyo nyuma ya viti. Huamka kimya, kama mtu anavyofumbua macho. Stata ya kawaida, ile inayolia nye-nye, imewekwa pembeni kwa siku ya baridi kali au siku betri kubwa imeishiwa nguvu. "Na leo wewe Bwana Numazawa umevaa kandambili," akamaliza. "Baridi iko wapi?"

Numazawa akatazama miguu yake. Hakuwa mwizi, ungemwona usoni. Alikuwa ameangalia kilomita akaridhika, kama kila mtu.

"Lakini halijatumika!" Eikichi akasema.

"Ndiyo maradhi yake hayo. Betri kama hii ni goti la mzee, Baba. Usipolitembeza linaganda."

Eikichi hakukubali mpaka aone. Basi Kiyomi akashika usukani, mume pembeni yake, wakapanda kilima cha kwenda kwenye hekalu dogo, mwendo wa dakika tano. Kwenye dashibodi kulikuwa na vijistari sita vya kuonyesha nguvu ya betri. Walipoanza kupanda vilikuwa sita. Mbele ya duka la mchele vikawa vitano. Wakafika kwenye mwinuko wa mawe, vikaanguka vinne kwa mpigo, kikabaki kimoja, na gari likawa zito kama linavuta ng'ombe.

"Labda ni taa tu," Eikichi akasema.

"Labda."

Wakarudi yadi. Eikichi alishuka, akauchukua mto wake, akaukumbatia. Ilikuwa huzuni ya kweli, lakini kwa kuwa alikuwa na tone la mchuzi kwenye kidevu, Kiyomi alilazimika kugeuka asionekane anacheka.

Likabaki jekundu. Numazawa mwenyewe hakutaka kulionyesha.

"Hili, mama, nilikuwa nalipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Limekimbia kilomita laki moja na sitini na moja elfu."

"Mungu wangu," Eikichi akasema, akarudi nyuma hatua moja.

"Lilikuwa la nani?"

"Mkunga. Yule anayezunguka vijijini kwa wajawazito. Sasa kaacha, magoti."

Rangi yake ilikuwa imepauka juu kama nyanya iliyokaa dirishani, na kiti cha dereva kilikuwa na bonde. Kiyomi alifungua kisanduku cha mbele, akatoa kitabu cha matengenezo. Kila miezi sita muhuri. Mafuta, breki, mafuta, mkanda, mafuta. Kwenye kilomita laki moja na kumi elfu kulikuwa na muhuri mkubwa: betri kubwa imebadilishwa. Na pembeni, kila ukurasa, mkunga alikuwa ameandika kwa kalamu nyembamba. *Leo limenung'unika darajani. Kumbe kokoto.* *Mapacha, wote wazima. Halikunichelewesha.* *Limeniudhi, nikaliosha, tumepatana.*

Kiyomi alisoma akiwa amesimama, na alisoma muda mrefu.

Kisha akatandika boksi chini, akalala chali, akaingia uvunguni na kijiti chake. Nje walimsikia akigonga. Ko. Ko. Ko. Ko. Pu.

"Hapa panalia kama boga!" sauti ikatoka chini. "Chumvi ya barabarani imekula. Utaniwekea bati?"

"Nitaweka bati, mama."

"La unene unaoeleweka, siyo la kopo la samaki."

"La unene unaoeleweka!"

Akatoka na kutu kwenye nyusi. Akafungua boneti, akaingia kwenye kiti, akabonyeza kitufe. Eikichi alisubiri.

"Halijawaka," akasema.

"Limewaka, Baba. Tazama sindano."

Eikichi akainama, akatazama sindano ikitetemeka, akaweka mkono juu ya injini akautoa haraka. Kiyomi akazunguka, akaegemeza kijiti kwenye injini, akafumba macho. Alisikiliza mpaka Numazawa akaanza kujikuna. Kisha akafumbua macho, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

"Nataka kulipandisha mlimani."

"Mimi kwenye maiti siingii," Eikichi akasema. "Viti ni viwili, nendeni nyie. Nitakaa na sufuria."

Basi Numazawa akajibana kwenye kiti cha pembeni, tumbo karibu na dashibodi, wakaondoka. Bondeni Kiyomi alikwenda polepole, anazoea klachi. Baada ya daraja njia ikaanza kujikunja. Majani ya milima yalikuwa yameshaiva, mekundu na manjano, lakini yeye aliangalia barabara na vijistari sita. Kona ya kwanza, sita. Ya pili, sita. Ya tatu vikawa vitano, na kwenye mteremko mfupi vikarudi sita.

"Linakula na kupika lenyewe," Numazawa akasema, amefurahi kama gari siyo lake.

"Nyamaza kidogo, Bwana Numazawa. Linaongea."

Kona ya nne aliingia na gia ya tatu. Ya tano akaingia na ya tatu tena, na gari likakaa chini, likakata kona kama kisu kwenye tofu. Kiyomi akacheka kwa sauti. Numazawa, aliyekuwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili, hakucheka.

Kona ya saba ndiyo kali kuliko zote. Katikati yake, kwenye mwinuko, Kiyomi akasimama, akavuta breki ya mkono.

"Mama, kuna nini?"

"Hapa ndipo gari lilipomfia mwenzangu."

Injini ikajizima yenyewe, kama zinavyofanya haibridi zikisimama. Kimya kikawa kikubwa, maji tu yanasikika korongoni. Kama gari lingekataa hapo, Jumatatu boila ya Sawanoyu ingekwenda kwa mtu wa bondeni, na Kiyomi angerudi kwenye friji lake. Alilijua hilo. Mikono yake juu ya usukani ilikuwa mitulivu, lakini masikio yalikuwa mekundu.

Akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza. Injini ikafumbua macho. Akaachia breki, gari likapanda bila kurudi nyuma hata unene wa kidole. Vijistari vitano.

"Eee!" Numazawa akapiga kelele, akapiga dashibodi kwa kiganja. "Mkunga wee!"

Kiyomi akatia gia ya pili. Aliimba kwa pua mpaka juu.

Uwanja wa Sawanoyu una nafasi ya magari manane. Kiyomi aliegesha, akateremsha kioo, akainamisha kichwa. Nyuma ya jengo kulikuwa na kitu kinakohoa. Halafu Orie akatoka mbio na aproni iliyolowa, taulo mabegani.

"Wewe ndiye Watabe? Si nilisema Jumatatu?"

"Nilikuwa najaribu gari."

"Na limefika?"

"Liko hapa."

"Basi limefika. Pampu tangu saa sita inafanya hivyo, nina wageni kumi na wanane wamevaa kanzu za kuogea wamekaa kama mayai."

"Hiyo siyo pampu," Kiyomi akasema. "Bomba la kurudishia maji limevuta hewa." Akafungua mlango. "Bwana Numazawa, naenda kusalimia mara moja."

Akashuka, anakunja mikono ya shati huku anatembea. Numazawa alimwona akipita kuni, akipita paka, akiinama chini ya mlango mfupi wa chumba cha boila.

Dakika kumi zikapita. Kikohozi kikakoma. Moshi wa bomba la juu ukawa mweupe, na ndani ya jengo watu wakapiga makofi. Numazawa alikunja shingo kuangalia mlango mfupi. Nusu saa. Simu yake ikalia.

"Mmekufa huko?" Eikichi akauliza.

"Tumefika salama. Mke wako kasema anakwenda kusalimia mara moja."

"Akasalimie nini?"

"Boila."

Eikichi akaanza kucheka, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi. "Andika jina lake kwenye hilo gari," akasema, "halafu shuka nalo uje unichukue. Huyo usimsubiri."

Numazawa alisubiri hata hivyo, kwa adabu, mpaka kivuli cha mlima kikafika kwenye boneti. Kiyomi hakutoka.