Pampu ya Lori la Ngare Nanyuki

Mikaeli alikuwa Mmeru wa kuzaliwa na fundi wa magari kwa kazi. Ufundi aliupata jeshini, Waingereza walipomchukua kwenda kupigana Burma. Aliporudi Arusha mikono ilikuwa imezoea spana kuliko fimbo ya ng'ombe. Akapata kazi kwenye gereji ya Mgiriki mmoja mjini, akapanga chumba Lemara na mkewe Marta. Sehemu yake ya ardhi ilikuwa Ngare Nanyuki, nyuma ya mlima, alikokulia. Huko alimwachia mama yake, Anyesi, mjane aliyefuga ng'ombe na kulima mahindi. Kila mara Mikaeli alimwambia mkewe kwamba mji ni wa kupita tu, ipo siku watarudi kwao.

Mwaka 1951 serikali ikatangaza kwamba Wameru wa Ngare Nanyuki wahame, ardhi ile wapewe Wazungu wafugaji. Waliambiwa waende King'ori. Wakakataa. Walikubaliana wasipigane wala wasikimbie, ila mtu asihame kwa miguu yake mwenyewe. Mwezi wa Novemba wakaja askari. Nyumba zikatolewa vitu, zikatiwa moto.

Gerejini habari hizo zilifika vipande vipande. Mikaeli alijua kwamba malori ya tajiri yake yamekodishwa na serikali. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyatia grisi na kuyabadilishia mafuta wiki ile, kabla hajaambiwa yanakwenda wapi.

Asubuhi moja tajiri akamwita.

"Lile lori kuukuu la jeshi limezimika Ngare Nanyuki. Dereva anasema petroli haifiki kwenye injini. Nafikiri ni pampu. Chukua mpya stoo, uende na gari la polisi."

"Bwana, kule ni kwetu," Mikaeli akasema. "Mama yangu yuko kule. Mtume fundi mwingine."

Tajiri hakuwa mtu wa kufoka. Alijikuna shingo, akatazama nje.

"Fundi mwingine sina. Na lori limezimika likiwa na watu juu, Mikaeli. Usipokwenda watakaa pale pale mvua iwanyeshee. Unataka hivyo?"

Mikaeli akachukua pampu.

Walifika mchana. Moshi ulikuwa umelala juu ya uwanda kama ukungu, na ng'ombe wasiokamuliwa walikuwa wanalia kila upande. Lori lilisimama katikati ya barabara, nyuma limejaa magunia, vyungu, vitanda na watu. Mlangoni alikaa dereva wake, Jamaldini, mtu wa Pangani. Alikuwa amevuta kofia mpaka machoni, kana kwamba hataki watu waliomo nyuma waione sura yake. Askari mmoja mwenye bunduki alitembea huku na huku.

Wale wa juu ya lori walimtambua Mikaeli kabla hajashuka. Mzee Solomoni, jirani yao, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mikaeli, ni wewe uliyekuja kutuhamisha?"

Mikaeli akashuka. Akamtafuta mama yake kwa macho, akamwona ameketi juu ya gunia la mahindi, shuka limefungwa kiunoni, uso ameuelekeza kule ilikokuwa nyumba yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu bila kugeuka.

Akafungua boneti. Tajiri hakukosea. Pampu ilishikiliwa ubavuni mwa injini kwa bolti mbili, na mwili wake wote ulikuwa umeota unga mweupe na kutu. Lori lile lilikuwa limekaa muda mrefu bila kutumika, maji yakajikusanya chini ya petroli yakaila pampu kutoka ndani. Kikombe chake cha kioo kilikuwa na tope la kahawia. Utando wa ndani, ule unaopanda na kushuka kuvuta petroli, bila shaka ulikuwa umeoza. Harufu ya petroli ilisikika mpaka kwenye kijiti cha kupimia oili, ishara kwamba ilikuwa ikivujia ndani ya injini.

Akafungua paipu ya kutoka kwenye tanki. Nati ilikuwa imeshikana na paipu, vikazunguka pamoja, paipu ikapasuka mkononi mwake. Hilo halikumtisha, alikuwa na kipande cha mpira. Bolti ya kwanza ililia, ikakubali. Ya pili haikusogea hata kidogo. Moto hakuweza kuutumia, petroli ilikuwa imemwagika kila mahali. Akaidondoshea mafuta ya taa, akaigonga taratibu kwa nyundo ndogo, kisha ikabidi angoje mafuta yapenye.

Wakati wa kungoja ndipo wazo lilipomjia. Angeivuta bolti ile kwa nguvu kidogo tu, ingekatika kichwa. Kipande kingebaki ndani ya injini, na hapakuwa na keekee ya kukitoboa. Lori lingekaa pale siku hiyo na pengine kesho yake. Askari asingejua. Hata Jamaldini asingejua.

Lakini wangerudi wapi? Alitazama nyuma. Nyumba ya mama yake ilikuwa nguzo nne nyeusi. Upande wa mlimani wingu lilikuwa limeshuka, jeusi, linakuja. Na juu ya lori, katikati ya magunia, Skolastika, mke wa kijana mmoja wa pale, alikuwa amempakata mtoto mchanga ndani ya kanga moja.

Akaiacha spana, akaenda ubavuni mwa lori, akasema kwa Kimeru, kwa sauti ya chini:

"Mama, naweza kuliharibu. Niambie."

Sasa Anyesi alimgeukia. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi.

"Usiniulize mimi. Mimi sikulipanda lori hili, nimepandishwa. Wanaume wawili walinibeba kama gunia. Na kushuka sishuki, maana nikishuka na kutembea nitakuwa nimehama mwenyewe."

"Basi nifanye nini?"

"Mvua ile unaiona. Mtoto wa Skolastika unamwona. Fundi ni wewe."

Mzee Solomoni alisikia yote. Alitazama mtoto, akatazama wingu. Mtazamo huo ulimwelemea Mikaeli kuliko lile swali la mwanzo. Alitaka mmoja wao amkataze. Au mmoja wao amwambie fanya.

Akarudi kwenye injini. Aliishika bolti kama mtu anayeshika yai, akaizungusha kidogo, akairudisha, akaizungusha tena. Ikatoka nzima.

Baada ya hapo mikono ilikwenda yenyewe. Alikwangua mabaki ya gasketi ya zamani, akakata mpya kwenye karatasi ngumu ya boksi, akaipaka grisi. Pampu mpya aliiingiza kwa kuiinamisha, akipapasa mpaka mkono wa chuma wa pampu ukae vizuri juu ya shafti iliyomo ndani. Ukikaa vibaya huvunjika injini inapozunguka mara ya kwanza. Akakaza bolti zote mbili, akaunga paipu kwa mpira na waya. Kisha akaipampu kwa kidole mpaka petroli safi ikajaa kwenye kikombe cha kioo.

"Zungusha," akamwambia Jamaldini.

Jamaldini akaingiza hendeli mbele ya lori, akazungusha. Injini ilikohoa, ikashika. Nyuma ya lori mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti, na wengine wakamfuata. Matone ya kwanza ya mvua yakaanguka kwenye boneti yenye joto yakakauka papo hapo.

"Ahsante, fundi," Jamaldini akasema, kisha akaona haya kwa kuisema.

Askari akamwamuru Mikaeli apande mbele, pampu isije ikawasumbua njiani. Haikusumbua. Mvua iliwapata njiani, wanawake wakamfunika mtoto kwa turubai. King'ori walifika bado kuna mwanga. Askari ndio walioshusha watu na mizigo. Wenye mizigo hawakunyanyua hata chungu. Skolastika alipewa nafasi kwenye kibanda chenye bati, mtoto akanyonya, akalala. Mikaeli alimwona mama yake ameketi mvuani kando ya gunia lake. Alitaka kwenda kwake, lakini lori lilikuwa linageuzwa, huku askari anamwita.

Lori lile lilirudi Ngare Nanyuki kesho yake na siku zilizofuata, na kila safari Mikaeli alikuwemo. Alikaa karibu na dereva akisikiliza injini, akitamani isite japo mara moja. Haikusita. Kazi aliyoifanya ilikuwa nzuri, na hakuwahi kuichukia kazi nzuri namna ile.

Watu wengi hawakukaa King'ori. Anyesi naye aliondoka kwa miguu, akasema kutoka pale si kuhama, maana pale hakuwa amehamia. Akauzunguka mlima mpaka Nkoaranga kwa kaka yake, akapewa kijumba kwenye kihamba, shamba la ukoo, katikati ya migomba na kahawa. Ng'ombe hakubaki naye hata mmoja.

Mikaeli alikwenda kumwona Jumapili, baada ya ibada. Alikuwa ameamua kuacha kazi, ila Marta alikuwa amemuuliza swali moja tu: wakitoka chumba cha Lemara waende wapi? Sasa alimkuta mama yake anamenya ndizi. Alimpokea vizuri, akampa kigoda.

"Mama, njoo tukae wote mjini."

"Hapana. Nikija kwako nitakuwa nimehamia. Hapa nangoja tu."

"Unangoja nini?"

Aliendelea kumenya, kisha akasema mtoto wa Skolastika amebatizwa, na ana afya. Alilisema hilo akimtazama mwanawe usoni, na Mikaeli akainamisha kichwa.

Wakala pamoja. Jua lilipoanza kushuka akamuaga, akateremka kwenye njia ya matope kuelekea barabara kuu kutafuta gari la kumrudisha Arusha, kwa sababu kesho yake alitakiwa gerejini.