Wenyehisa wa Shauri Moyo

Baba alinunua hisa za kampuni ya madini kwa sababu alikuwa ameyaona madini yenyewe. Alikuwa gadi wa treni ya mizigo, na kwa miaka mingi alisafiri nyuma ya mabehewa yaliyopeleka mawe ya kampuni hiyo bandarini. Alipostaafu, wenzake walinunua ploti na matatu. Yeye alivaa koti lake la kanisani, akaenda mjini, akarudi jioni akiwa mwenyehisa.

"Wengine wanasoma habari za madini kwenye gazeti," alituambia. "Mimi nimeyasafirisha."

Alipofariki, hisa zikawa za mama. Mama anaishi bado katika ile nyumba ya kaunti mtaani Shauri Moyo tulikolelewa, na anauza mapazia kwenye kibanda katika soko la Gikomba. Kila mwaka alienda kwenye mkutano mkuu wa kampuni, akasikiliza hotuba, akapewa chakula na mwavuli wenye nembo ya kampuni. Mwenyekiti alikuwa akiwaita "wenye kampuni", na mama alilichukulia neno hilo kwa uzito wote.

Siku habari ilipotangazwa redioni nilikuwa dukani kwangu mtaa wa Umoja, ninauza vitabu vya shule. Mama akanipigia simu.

"Wanasema kampuni imewekwa chini ya msimamizi. Huyo msimamizi ni nani? Nani amemweka? Na mbona sisi hatukuulizwa?"

Kesho yake tukaenda kwa wakala aliyemuuzia baba hisa. Karani aliyetupokea alikuwa msichana mpole, akatuvutia viti kabla hajasema lolote.

"Mama, kampuni imeshindwa kulipa madeni. Benki imemteua msimamizi, na sasa ndiye mwenye usemi, si wakurugenzi tena. Ataangalia kama mgodi unaweza kufufuka, au ataupiga bei."

"Basi niuzie hisa zangu leo."

"Soko la hisa limezisimamisha. Haziuzwi."

"Hata kwa hasara?"

"Hata kwa hasara. Chochote atakachopata msimamizi kina foleni yake. Kuna gharama za kazi yake, kuna wafanyakazi, kuna benki, kuna walioiuzia kampuni bidhaa. Wenyehisa ni baada ya hao wote."

"Na huwa kinabaki kitu?"

Karani alinitazama mimi kwanza, kisha akamgeukia mama. "Mara nyingi hakibaki."

Tuliteremka ngazi. Huko nje, kwenye kelele za barabara, nilimwambia tuliache jambo hili. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na duka lilinihitaji, na sikuona tutamfanya nini mtu aliyewekwa na benki.

"Pesa zikienda, ziende," mama alisema. "Lakini mtu hawezi kuangusha kitu changu halafu asinitazame usoni. Nitakaa na huyo msimamizi anieleze."

Wiki kadhaa baadaye tulisikia kuna mkutano wa wanaoidai kampuni, katika hoteli moja mjini. Mama akataka twende. Mlangoni kijana mwenye orodha akamuuliza, kwa heshima kabisa, "Mathee, wewe ni mdai?"

"Hapana. Mimi ni mwenye kampuni."

Kijana akaeleza kwamba mkutano huo ulikuwa wa wadai pekee. Mama hakubishana. Alichukua kiti kilichokuwa koridoni, akatoa mkobani pazia alilokuwa akipinda, akaanza kushona. Mawakili walipita, watu wa benki wakapita, kila mmoja akilitazama lile pazia la maua mekundu lililofika sakafuni. Nilitamani kuondoka. Nilikaa kwa sababu yeye alikaa.

Wakati wa chai mlango ulifunguliwa, na kijana yule akatuonyesha msimamizi. Alikuwa mwanamume wa makamo, tai imelegea, macho yamechoka. Mama alisimama, akamsalimia, akajitambulisha.

"Mimi ninataka mambo mawili tu. Utuambie kilichotokea, na utuambie sisi wenyehisa wadogo tumebaki na nini."

"Mama, kisheria sina lazima ya kuwaita nyinyi mkutano."

"Sijakuuliza kuhusu lazima. Nimekuomba uje."

Msimamizi akamwambia kwamba mama akipata ukumbi na watu, yeye atakuja.

Watu tuliwapata. Mama aliuliza kanisani, akauliza sokoni, mimi nikauliza wateja wangu. Ilishangaza ni wangapi waliokuwa wamenyamaza na jambo hili kana kwamba ni ugonjwa wa aibu. Kulikuwa na mjane wa mwalimu, fundi wa masanduku ya chuma, na karani mstaafu wa kaunti aliyekuja kutoka mtaa wa Lucky Summer na ambaye hakuwa amemwambia hata mkewe. Mchungaji akatupa ukumbi Jumamosi alasiri. Msimamizi alifika peke yake, akavua koti.

Alieleza vizuri. Bei ya madini ilishuka, kampuni ikakopa, ikakopa tena ili kulipa mkopo wa kwanza, na mgodi ukaendelea kuchimbwa kwa hasara huku wakurugenzi wakitangaza kwamba mambo ni shwari. Alipofika kwenye ile foleni ya malipo, karani mstaafu alisimama.

"Sisi ndio tulitoa mtaji. Kwa nini wachimbaji walipwe kabla yetu?"

Mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango akainua mkono. Alisema yeye si mwenyehisa, alikuwa fundi wa mitambo mgodini, mzaliwa wa Shauri Moyo. Alikuwa amerudi kwa dada yake baada ya kufanya kazi miezi kadhaa bila mshahara, na alikuja tu kusikiliza. Kisha akaketi.

Mama ndiye aliyemjibu karani. "Huyu ametoa jasho. Sisi tulijua tunaweza kupata na tunaweza kukosa, ndiyo maana ya hisa. Alipwe kwanza." Akamgeukia msimamizi. "Lakini sisi tulidanganywa mikutanoni, tukapigishwa makofi. Hilo nani analishughulikia?"

Msimamizi alisema sheria inamtaka achunguze jinsi wakurugenzi walivyoendesha kampuni, na akipata kosa alifikishe kwa waendesha mashtaka.

"Basi lichunguze mpaka mwisho," mama akasema. "Sisi tutakuwa tukikuuliza."

Na kweli alikuwa akimuuliza. Kila Jumatatu, kabla ya kufungua kibanda, alipiga simu ofisini kwake kwa niaba yetu. Wakati mwingine aliambiwa hakuna jipya, akashukuru, akapiga tena wiki iliyofuata.

Mwishowe mgodi uliuzwa kwa kampuni nyingine. Wafanyakazi walilipwa, na yule fundi wa mitambo akaitwa tena kazini. Benki ilipata sehemu ya deni lake. Hisa zetu zilifutwa. Nilimpelekea mama habari hiyo kibandani, nikiogopa. Aliketi juu ya bunda la mapazia, akalia kidogo bila sauti, akajifuta kwa leso, kisha akamhudumia mteja aliyekuwa akingoja.

Desemba tulipoenda nyumbani kijijini, magharibi mwa nchi, alivuta kiti hadi kwenye kaburi la baba, akamweleza yote kuanzia ile siku ya redio. Sikumsikia akimlaumu.

Wakurugenzi wawili wameshtakiwa kwa kuwauzia jamaa zao mitambo ya kampuni kwa bei ya kutupa. Wanakanusha, na kesi imeahirishwa mara kadhaa. Mama huhudhuria. Huketi benchi la mbele akiwa na wenzake wa ule ukumbi, karani mstaafu na mkewe wakiwemo. Mara ya mwisho wakili mmoja alimuuliza ni jamaa ya nani.

"Nilikuwa mwenyehisa," alimjibu. "Nimekuja kusikiliza."

Hakimu alipotaja tarehe nyingine, mama aliniambia siku hiyo nitafute mtu wa kubaki dukani, kwa sababu tutatoka mapema.