Maji Aliyoyatamani Shangazi Levina

Shangazi Levina hakuwahi kukanyaga ukingo wa mto Lumemo akiwa na ndala. Alizivua juu kwenye nyasi, akazishika mkononi, hata miaka ile ambayo hakuwa akiingia tena majini. Alisimama peku, akatazama tu.

Utotoni aliogelea humo na dada zake, wakachota maji ya kupikia wali. Uzeeni alitaka kitu kimoja: kuoga tena mtoni kabla hajafa. Lakini kila masika, mvua ikikolea, majirani walitoboa vyoo vyao ili mafuriko yabebe uchafu. Tunaita kutapisha. Ifakara ukichimba kidogo tu unakuta maji. Shimo hujaa upesi, na mvua haidai nauli.

Masika ya mwaka juzi alimwona jirani yetu Tadei akitoka na sururu mvua ikimwagika. Shangazi akabeba kigoda na mwavuli, akaenda kukaa palepale Tadei alipotaka kutoboa.

"Shikamoo mama. Utalowa bure."

"Marahaba. Toboa, baba. Nitangulie mimi mtoni, mavi yako yafuate."

Noela, mkewe Tadei, aliangua kicheko barazani. "Leo umepatikana, Baba Edna!"

"Kwani mto ni wako, mama?" Tadei akauliza.

"Wangu. Nimeoga humo kabla baba yako hajaota ndevu."

Hakunyanyuka mpaka mvua ilipokatika. Wiki iliyofuata Tadei na majirani wachache walichangishana, wakaita gari la kunyonya majitaka. Ng'ambo ya barabara wakatapisha kama kawaida. Shangazi alishuka mtoni na kanga yake ya kuogea, akarudi nayo kavu.

Mwaka huu magoti yalimshinda, na binti yake Eveline akamchukua kwenda kuishi naye Mahenge. Huko maji ya mlimani ni safi, lakini kila nilipopiga simu aliulizia ya Lumemo. Masika yalipofika, hata wale wa ng'ambo waliita gari. Mvua zilipokwisha nilishuka mtoni asubuhi moja, nikauona mchanga chini ya maji. Sikuwa nimeuona tangu nikiwa msichana. Nikampigia papo hapo, nikamwambia namtumia picha. Ilikuwa simu yetu ya mwisho kabla hajafariki.

"Picha ya nini?" akasema. "Ingia uoge, mwanangu. Ukitoka mzima, njoo unichukue."