Hatua Saba Kutoka kwa Muuza Sufu

Mama mkwe wangu aliteremka London mwezi wa Novemba na sari ya hariri, makubadhi ya wazi, na neno moja: hatoki nje ya nyumba mpaka apate sweta la maana. La dukani hakulitaka. Nilimletea moja, akalivuta ncha, akalinusa, akanirudishia kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

"Hili limefumwa na mashine," akasema. "Mashine haina huruma. Fuma wewe."

Basi nikafuma, na yeye akakaa. Chumba chenye joto katika nyumba yetu ya Wembley kilikuwa kimoja tu, jiko, kwa sababu hita ya mafuta ya taa ilikuwa moja tu. Kwa hiyo alikaa jikoni, juu ya kiti changu, tangu chai ya asubuhi mpaka sahani ya mwisho. Alijua chumvi imezidi kabla sijaitia. Miezi mitatu! Nimezihesabu siku zile mara mbili, kwa kalenda ya ukutani na kwa mishipa ya kichwa, na hesabu zililingana.

Rangi aliyoichagua ilikuwa zambarau, ile iliyoiva hasa. Nilinunua madonge kumi ya uzi wa sufu, nikazidisha mawili kwa usalama. Lakini kila jioni alinisimamisha, akajipimia, akasema, "Ongeza kidogo." Hiyo kidogo ikapita kiuno, ikapita nyonga, ikafika magotini. Nilipomaliza mkono wa kushoto, kikapu kilikuwa kitupu. Mama akautazama mkono wa kulia, ambao haukuwepo.

"Nitoke hivi?" akauliza. "Watu watasema mwanangu ameoa nusu ya mwanamke."

Asiyefuma atasema, si ununue uzi mwingine wa zambarau. Hajui. Sufu hutiwa rangi pipa kwa pipa, na kila pipa lina namba yake, imeandikwa kwenye karatasi iliyolizunguka donge. Ukichanganya mapipa mawili, ndani ya nyumba huoni kitu. Ukitoka juani, mkono mmoja ni wa sweta jingine.

"Jua gani?" akaniuliza shoga yangu. "Wewe umeliona lini?"

Huyu shoga alikuwa jirani yangu wa ghorofa ya juu, Mzanzibari aliyekimbia kwao na watoto watatu na cherehani moja. Alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini mama mkwe angeiona tofauti hata kwenye pango, na namba yangu ilikuwa imekwisha dukani. Mwenye duka akanipa matumaini: Jumamosi kulikuwa na maonyesho ya sufu upande wa pili wa jiji, na wauzaji wangekuja kutoka nchi nzima. Nikamchukua shoga twende wote.

Sikumchukua kwa ajili ya mazungumzo. Sisi tuliotoka Mombasa hatuendi kununua peke yetu. Mmoja hushika bidhaa na kuipenda. Mwenzake humvuta mkono na kusema ni ghali, twende zetu. Kazi ya kuvuta inataka uso mkavu, na shoga yangu alikuwa na uso mkavu kuliko biskuti za Waingereza.

Mlangoni palikuwa na meza, na bibi mmoja mwenye kijibati cha pesa.

"Tunalipia nini?" shoga akaniuliza.

"Kuingia."

"Kuingia sokoni?"

"Ndiyo."

"Na kutoka je? Muulize kabisa, tusije tukafungiwa."

Tukalipa, tukaingia. Katikati ya ukumbi walikuwa wamemfunga kondoo utepe wa buluu shingoni, na watu wazima wenye kofia walipanga foleni wampapase. Mmoja akauliza jina lake. Kondoo alikuwa na jina. Mimi nilikuwa na mwezi wa nne kiwandani na msimamizi bado ananiita mpenzi, kama anavyowaita wengine wote, na jina la hata mmoja wetu halijui. Mbele kidogo wanawake walikuwa wakijipaka nyuzi mashavuni, wamefumba macho, wanavuta pumzi.

"Hawa wamekuja kununua," shoga akanong'ona, "au kuposa?"

Tulipita meza baada ya meza. Nilikuwa na ile karatasi ya donge kwenye pochi, na kila zambarau niliyoiona nililinganisha namba. Meza ya thelathini na nne, pembeni kabisa, nikaipata. Nikasoma namba kutoka kushoto, nikaisoma tena tarakimu kwa tarakimu. Ndiyo yenyewe. Madonge manne. Nami kwa hesabu ya mkono wa kushoto nilihitaji manne, si matatu, si matano.

Mtu mwenye akili angelipa hapo hapo. Lakini mtu mwenye akili hakulelewa na mama yangu.

"Bei gani?" nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Shilingi tatu kila moja, mpenzi," akasema muuzaji, mama wa miaka hamsini hivi, miwani ikining'inia kifuani.

"Mbili."

"Ni tatu."

Nikamkanyaga shoga. Akaruka kazini mara moja, akanishika mkono: "Twende zetu, bibi wee! Pale mwanzo nimeona kwa moja na nusu, na laini kuliko hizi!" Aliigiza vizuri mno. Ila aliigiza kwa Kiswahili, na yule mama alimtazama kwa upole kama anavyotazamwa mtu aliyepotea njia. Shoga akakumbuka, akarudia yote kwa Kiingereza, taratibu, na mchezo ukapoa kama chai ya hospitali.

"Basi mnunue pale, wapenzi," akasema yule mama. Alisema kwa wema, na hakuwa akitukejeli.

Hapo nikafanya tunachofanya sote. Niliondoka.

Kwetu, mnunuzi anayejiheshimu lazima aondoke. Hatua ya tatu, muuzaji anakohoa. Hatua ya tano, anakwambia unamuua, na wanawe unawaua vilevile. Hatua ya saba anaita: "Mama, njoo uchukue, leo sijafungua biashara!" Usigeuke kabla ya saba. Aliyegeuka amelipa.

Nikahesabu. Sita, saba. Kimya. Nikajiambia ni koti, koti la London hufupisha hatua. Nikaanza upya kutoka moja.

"Anatuita?" nikauliza.

"Geuka utazame."

"Sigeuki. Geuka wewe."

"Mie nimekuvuta, vipi nigeuke?"

Hatua ya ishirini tulikuwa mbele ya kondoo. Ya arobaini tulikuwa mlangoni, na bibi wa kijibati ametukodolea macho.

"Bibi wee," shoga akaninong'oneza, "tukiongeza hatua moja, kurudi ni kiingilio kingine."

Tukarudi, tena kwa haraka isiyo na heshima. Mezani palikuwa na madonge mawili. Mawili mengine yalikuwa ndani ya kikapu cha mwanamke mwenye kofia ya kijani, ambaye alikuwa bado anaweka chenji yake. Nikamweleza shida yangu: bibi mzee, baridi, mkono wa kulia. Nikamuuliza yeye anafuma nini.

"Sweta la birika langu la chai," akasema. "Linapoa upesi mno, maskini."

Shoga akanitazama. "La nani?"

"La birika."

"Lina mikono?"

"Nyamaza, utanikosesha!"

Mwenye kofia hakuwa mbaya. Alisema birika lake halichagui, hata rangi ya kijivu ingelifaa, ile ya meza ileile, ya shilingi nne. Tukakubaliana kubadilishana. Kwa hiyo nikanunua zambarau mbili kwa tatu, na kijivu mbili kwa nne ili nizikomboe zile nyingine. Muuzaji alinifungia kwenye karatasi na kunitajia bei kwa sauti ileile ya mwanzo. Hakufurahi hata kunishinda. Hilo ndilo lililoniuma: nimeshindwa na mtu ambaye hakujua kuna mashindano.

Nyumbani, mama mkwe hakuuliza kama nimepata. Aliuliza swali lenyewe.

"Kwa bei gani?"

"Moja na nusu," nikasema, bila haya.

"Wamekuibia." Alikuwa akichambua dengu zangu, nilizokwisha kuzichambua. "Uliondoka?"

"Niliondoka."

"Hatua ngapi?"

"Saba."

"Basi uligeuka kabla."

Siku ya sita mkono wa kulia ulikamilika. Mama akalivaa sweta juu ya sari, na soksi za mwanawe ndani ya makubadhi, akatoka. Tulikwenda mpaka kwa muuza mboga wa karibu na stesheni, Mwingereza mwenye mashavu mekundu. Mama akachagua koliflawa, akaligonga kama nazi, akataja nusu ya bei. Nikatafsiri. Mwingereza akataja bei yake. Mama akaliweka chini, akageuka, akaondoka.

Nikajua mwisho wake. Asipoitwa, atasema mji usioita wateja hauna haja ya kutembelewa, na kesho atakuwa juu ya kiti changu mpaka kiangazi. Hatua ya nne. Ya tano. Muuzaji alikuwa keshamgeukia mteja mwingine. Ya sita nikamtia mkononi bei yake kamili. Ya saba nikapiga kelele mwenyewe:

"Mama! Njoo! Amekubali!"

Akarudi polepole, asionekane na shida. "Umeona?" akaniambia, akitoa sarafu zake za nusu bei. "Ni kutogeuka tu." Sarafu zile nikazipokea mimi, eti nimpe mwenye mboga.

Kesho yake alitaka kutoka tena, na mimi nilikuwa na kazi kiwandani. Nikapita kwa yule Mwingereza alfajiri, nikamwachia tofauti ya bei ya wiki nzima, nikamfundisha neno moja, "Mama!", na kuhesabu mpaka saba. Alicheka sana, lakini alijifunza. Jikoni nikarudi kwenye kiti changu. Dengu zangu nikazichambua mara moja tu.

Ijumaa mama alirudi mikono mitupu.

"Hakukuita?" nikauliza.

"Ameita," akasema, akivua soksi. "Hatua ya nne. Anayeita mapema hivyo, koliflawa lake lina kasoro."