Mdomo wa Msajili

Dada yangu hajui kuchora mdomo kutoka kichwani. Jengo la ghorofa mia, gari linaloruka, roboti mwenye vidole kumi na sita, hivyo vyote huvichora huku anapiga miayo. Lakini mdomo wa mtu anayesema neno, hapana, mpaka auone ukilisema. Ndiyo maana nyumba yetu ina sifa mbaya mtaani. Alipofika ukurasa wa kumi na moja wa kitabu chake cha picha alinikalisha dirishani nikasema "Nakufa, nisaidieni" mara thelathini na mbili, na kila mara ananiambia, "Rudia." Jirani aliingia mbio na ndoo ya maji, akatukuta mmoja ameshika penseli na mwingine anajikuna. Tangu siku ile, hata tukilia kweli hakuna atakayekuja.

Mtaani wanamwita Wino, kwa sababu vidole vyake havijawahi kutakata. Kazi inayomlisha ni mabango: ya saluni, ya daktari wa meno, ya duka la viatu, na lile la nyuma ya soko linalokataza watu kukojoa ukutani, ambalo watu hulisoma kwa makini sana huku wakikojoa. Kazi inayomla ni riwaya ya picha aliyoianza miaka tisa iliyopita. Mimi ni mdogo wake. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, na ndani ya riwaya hiyo nina jukumu moja tu, kuandika maneno kwenye viputo vinavyotoka midomoni mwa watu, maana mwandiko wake unasomeka na yeye peke yake, tena siku akiwa na afya.

Hadithi yenyewe inatokea miaka mia mbili kutoka leo, katika mji ambao polisi wake wamechoka kudanganywa. Wameunda roboti wa kusikiliza maungamo. Ana sikio moja kubwa kama sufuria, na akisikia uongo taa ya kifuani inawaka nyekundu. Kwa mzaha wanamwita Shemasi. Lakini kwa kusikiliza dhambi za watu kutwa kucha, Shemasi anaanza kusali mwenyewe. Anapiga magoti mpaka bawaba zinasagika, na mafundi hawajui wamtie mafuta au wamwitie kasisi. Adui yake ni Msajili, mzee anayetunza viapo vyote vya mji kwenye mnara wa kioo. Watu wanauawa, wasio na hatia wanafungwa, na kila kesi ukiifuata mpaka mwisho unakuta kiapo kilichotoka mkononi mwa Msajili.

Msajili ana sura ya karani wa kanisa letu. Sisemi wanafanana. Ni yeye, mpaka chunjua ya shingoni.

Baba yetu alikuwa fundi umeme. Mfukoni alikuwa na kopo la peremende lililojaa fyuzi, na hakuna mtu aliyewahi kumwona bila kopo hilo. Alasiri moja, kwaya ikiwa kwenye mazoezi, ukumbi wa kanisa uliungua na mpiga kinanda akafia ndani. Kwenye boksi la umeme, mahali pa fyuzi, walikuta kipande cha waya mnene. Fyuzi ikizidiwa hukatika, na watu wanabaki gizani lakini wazima. Waya haukatiki, unawaka pamoja na nyumba. Aliyeweka waya ule ndiye aliyeua.

Karani alisimama mahakamani, akaweka mkono juu ya Biblia, akaapa kwamba alimwona Baba kwa macho yake mawili akiutia. Baba akapewa miaka saba. Alikaa miwili na nusu, akatoka ndani ya jeneza. Kila tulipokwenda kumwona alituambia lilelile, kwamba yeye hajawahi kutia waya mahali pa fyuzi maishani mwake, hata kwa dakika tano. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilimwamini. Leo nina thelathini na moja na bado namwamini. Kopo la peremende analo Dada, anawekea nibu zake za kalamu.

Jumapili ya kwanza baada ya hukumu, Mama alikwenda akakaa mahali pake pa siku zote, benchi la tatu kutoka mbele. Watu wa benchi lile walinyanyuka mmoja mmoja wakahamia kwingine, mpaka akabaki peke yake na kitabu chake cha nyimbo. Wiki iliyofuata alikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, na huko amekaa miaka kumi na tisa. Kila ibada ikiisha karani anasimama mlangoni kuwapa watu mkono. Mama anaupokea. Anamuuliza hali, anamuuliza miguu inaendeleaje. Mimi huangalia pembeni, la sivyo ningefanya jambo la kunipeleka alikokwenda Baba.

Miaka yote hiyo Dada alikuwa anamchora kwa kumwibia. Alikuwa anakaa kanisani na penseli ndani ya kitabu cha nyimbo, na watu wakidhani anaandika mahubiri. Na kwenye riwaya alimtia adabu. Msajili aliteleza ngazi za mnara, zote mia nne. Mbwa wa chuma alimng'ata pale mtu anapokalia. Alifungiwa kwenye chumba cha barafu kurasa tatu nzima, na nakiri wazo la barafu lilikuwa langu. Nikiandika vilio vyake kwenye viputo nilikuwa nalala usingizi mzuri.

Lakini sura ya mwisho ni ya ungamo. Msajili anapiga magoti mbele ya Shemasi na kusema alichofanya. Kwa hilo Dada alihitaji mdomo wenyewe. Na hakuuhitaji kwa ajili ya karatasi tu. Alitaka yule mtu, kwa kinywa chake, aseme mbele yetu kwamba aliapa uongo, ili jina la Baba lisafishwe wakati Mama bado yupo hai wa kusikia.

Basi akamfuata. Alimwambia ana kitabu cha picha cha mambo ya imani na anatafuta mzee mwenye sura ya heshima. Hapo hakudanganya hata neno moja. Karani alikuja Jumatano amenyoa ndevu, amevaa koti, akauliza ni upande gani wa uso wake unapendeza zaidi. Akawa anakuja kila Jumatano na Jumamosi saa tisa alasiri, wakati mwanga wa dirishani ni mzuri na Mama yuko kwenye maombi ya akina mama. Huko nje akaanza kujigamba kwamba hata watoto wa yule fundi wamesahau yaliyopita, mpaka wanamchora. Niliposikia hayo niliiacha chai yangu mezani nikatoka nje kutembea.

Saa ile tuliichagua kwa makusudi. Karani hakututisha. Aliyetutisha ni Mama. Kwa jinsi tulivyomjua, yule mzee angefungua mdomo nusu tu, Mama angeshamwambia yameisha, simama unywe maji. Miaka tisa ya kazi ingekwenda na maji hayo.

Kitu kimoja tuligombania, mimi na Dada, mpaka tukanuniana wiki nzima. Msajili akishaungama, Shemasi anamjibu nini? Mimi nilitaka amtupe kwenye tanuru, na mvuke utoke kurasa mbili. Dada alisema roboti aliyesagika magoti kwa kusali hawezi kumtupa mtu kwenye tanuru. Nikamwambia basi amsamehe, amsomee na zaburi kabisa. Akasema afadhali aichane riwaya. Akachora kiputo cha Shemasi, akakiacha kitupu.

Jumamosi tuliyoingoja ilifika. Karani alipiga magoti juu ya mto, viganja vimekutana, na Dada akampa karatasi yenye maneno ya kusema. Mimi nilikaa nyuma ya Dada, kwenye meza yangu ya kuandikia viputo.

Aliisoma mpaka mwisho. Kisha akauliza haya ni maneno ya nani.

"Ya Msajili," Dada akasema.

"Na Msajili ndiye mimi."

"Wewe ni mdomo tu, mzee. Sema."

Akasema kama anayesoma matangazo ya ibada: "Niliapa uongo. Aliyefungwa hakuwa na kosa."

"Mdomo umefunga mno. Rudia."

Akarudia. Dada akachora kidogo, akafuta, akamwambia arudie. Mara ya nne sauti ilikwama kwenye neno "aliyefungwa". Mara ya sita karatasi ilimponyoka na hakuiokota. Alikuwa anatazama kopo la peremende lililokuwa mezani kwa Dada. Akasema tena maneno yale, kisha akaendelea na mengine ambayo hayakuwa kwenye karatasi yoyote.

"Waya ule niliutia mimi. Fyuzi ilikuwa inakatika kila wakiwasha vipaza sauti, na kwaya nzima wananicheka mimi niliyeshika funguo za ukumbi. Nikavunja henga ya waya ya kutundikia joho langu. Nilijua ni kwa siku moja tu, kesho yake ningemwita fundi."

Penseli ya Dada ilikuwa imesimama. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Miaka kumi na tisa nilijua aliapa uongo, lakini sikuwahi kufikiri kwamba waya wenyewe ulikuwa wake. Henga ya nguo. Baba yangu alikufa kwa henga ya nguo.

Karani akafuta uso kwa mkono wa koti. "Binti, huyo roboti wako anamjibu nini?"

Kabla Dada hajafungua mdomo, tuliona Mama amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkoba begani. Baadaye alituambia kwamba kwenye maombi hakwenda. Alikuwa jikoni tangu saa tisa, amekaa na mkoba wake mapajani, na hiyo ilikuwa Jumamosi ya nne mfululizo. Neno "rudia" amelisikia kupitia ukuta ule miaka tisa, anajua vizuri likitajwa kuna nini.

Karani aligeuka juu ya magoti yake. "Mama, nisamehe."

Nilijiambia basi, imekwisha. Mama alitua mkoba chini, akavuta kiti, akakaa, akamtazama kwa uso uleule anaomuulizia miguu yake.

"Sikusikia vizuri," alisema. "Rudia."

Mama anasikia kiberiti kikiwashwa jikoni yeye akiwa amelala chumbani na mlango umefungwa. Karani akarudia yote, waya, henga, kiapo. Mama aliinamisha kichwa kama anayefikiria bei sokoni.

"Masikio ya uzee, karani. Jumapili utarudia kule mbele. Mimi nitakuwa benchi langu la nyuma. Nikisikia kutoka kule, tutajua umesema."

Karani akasema watu watamla mzima mzima. Aliyejibu ni Dada, naye hakupandisha sauti.

"Kitabu kinaingia kwenye mashine mwezi ujao, mzee. Uso ni wako. Ama useme wewe, ama Msajili akusemee."

Jumapili alisimama mbele, baada ya matangazo, akaomba nafasi. Alisema kwa sauti ya mtu anayezungumza na vifungo vya shati lake. Watu wakatazamana, hawajashika vizuri. Ndipo Mama aliponyanyuka kule mlangoni, na kanisa zima likageuka.

"Sisi wa nyuma hatujasikia. Rudia."

Akarudia. Mama akamwambia henga pia aitaje. Akaitaja. Kaka wa marehemu mpiga kinanda alisimama na ikabidi wanaume watatu wamshike. Mama alingoja mpaka akatulia, akamwambia karani arudie tena, na mara hiyo ya tatu alisema kwa sauti iliyotoka mpaka nje. Nisiseme uongo, nilifurahi. Nilifurahi mpaka meno yakaniuma.

Bibi mmoja wa benchi la tatu, mmojawapo wa waliohama siku ile, alikuja analia kumshika Mama mkono ampeleke mahali pake pa zamani. Mama akautoa mkono wake taratibu.

"Hapa nimeshazoea," akasema. "Waliohama ndio waje."

Na walikuja. Walijibana kwenye benchi la mlangoni, watu tisa penye nafasi ya sita, na hakuna aliyethubutu kumwomba asogee.

Jumatatu polisi waliandika maelezo ya karani, wakamwambia akae nyumbani angoje kuitwa. Jumanne Dada alinisogezea ukurasa wa mwisho, ule wenye kiputo kitupu. Sikuhitaji kuuliza. Nilichovya kalamu nikaandika neno moja.

Jumatano saa tisa alasiri tulisikia mlango unagongwa. Alikuwa yeye, hana koti, ndevu hajanyoa, anauliza kama kuna kurasa zimebaki. Mama alikuwa sebuleni safari hii, waziwazi, anashona. Karani akasema hakuja kusumbua, anataka tu kujua roboti alimjibu nini yule mzee, maana tangu Jumamosi hajalala.

Dada akampa ukurasa. Msajili amepiga magoti, mdomo wazi, kila mkunjo mahali pake. Shemasi ameinama juu yake na lile sikio lake kubwa, taa ya kifuani imezima kwa kuwa hakuna uongo. Na kwenye kiputo, kwa herufi zangu nyeusi: *Rudia.*

Karani alilisoma. Akamtazama Mama, na Mama akakata uzi kwa meno, akaliweka shati pembeni, akangoja. Yule mzee akauvuta mto karibu na dirisha, akapiga magoti, akaanza upya.