Wakati wa Mandazi

Mimi nilisoma shule ya primaire kidogo tu, jembe likaniita, nikaenda. Nyumba yangu hapa Butembo haikujengwa na diploma. Donc binti yetu, anayefundisha histoire, somo la mambo ya kale, sekondari, aliposema kwamba miaka iliyopita inakatwa vipande na kila kipande kinapewa jina, sikutetemeka. Nikamwambia: kata, nione.

Ilikuwa kwa ajili ya jubile ya ndoa yetu. Baada ya misa ya Jumamosi yeye ndiye angesoma historia ya wazazi mbele ya wageni. Alitusomea kwanza nyumbani. Wakati wa Jembe: kijijini Kipese, viazi na baridi. Wakati wa Kahawa: depo yangu ya Beni. Wakati wa Vita: tulivyokimbia na kuanza upya Butembo. Vipande vitatu, vimenyooka. Nikapiga makofi.

Mke wangu hakupiga. Aliendelea kuchambua maharagwe kwenye ungo.

"Mama, haikukupendeza?"

"Niko nauliza tu. Kisha mutoto wa kwanza, unaita wa tatu? Ule wa pili umemutia wapi?"

Sisi Wanande mtoto anapewa jina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa. Wa pili akifa, wa tatu hachukui nafasi yake. Anabaki wa tatu, na kila anayemwita anajua kuna mwenzake aliyemtangulia, yuko udongoni. Hakuna kuruka.

Na wakati huo wa pili niliujua vizuri. Tuliposhuka Beni, kabla ya kahawa, nilianguka kutoka juu ya lori, mguu ukavunjika. Nikalala katika chumba cha kupanga, mtaa wa Mulekera, natazama mabati. Mke wangu alikaanga mandazi kando ya barabara, mtaa wa Beu, mvua yake, vumbi lake. Mandazi hayo yalilisha nyumba, kisha yakanunua gunia langu la kwanza la kahawa.

Binti aliinamisha kichwa. "Papa, nilijua. Niliuacha kwa heshima yako. Batu bote banasemaka ulijijenga weye mwenyewe."

"Basi soma vile," mama yake akasema. "Mais miye sitaikala kule mbele. Nitakuwa na bale ba jikoni."

Huyu mwanamke akisema, amesema. Nikajiona Jumamosi, nimevaa koti, kiti cha pembeni kitupu, na ukoo wake wote unakitazama.

"Heshima yangu haiko sahani, eti itavunjika," nikamwambia binti. "Nilijijenga, ndiyo. Mais hata mujengaji anakula. Andika wa pili."

"Niuite Wakati wa Ugonjwa?"

"Mugonjwa nilikuwa miye. Wakati haukuwa wangu. Uliza mwenye wakati, mama yako."

Hapo ndipo wenye histoire wananichekesha. Wanangoja wakati ufe ndipo waupe jina, tena jina la aliyekuwa na sauti kubwa. Kwetu mtoto anaitwa jina angali analia, na anayejua zamu yake ni aliyemzaa.

Jumamosi binti alisoma: "Wakati wa pili, Wakati wa Mandazi." Akina mama wa soko wakapiga vigelegele hadi akashindwa kuendelea. Mke wangu, kando yangu katika kitenge kipya, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Ongeza pale: mandazi yenye iliungua, huyu bwana yangu ndiye alikula yote!"

Watu wakacheka. Nikasimama, kwa mguu wangu mbovu na ule mzima.

"Na yenye haikuungua pia."