Sukari ya Mchana

Mama Nanasi alimenya nanasi upesi kuliko wengi wetu tunavyomenya ndizi. Wateja wa mchana walijipanga mbele ya kibanda chake, naye akiwatania kwamba anayetaka kipande kikubwa aje na mdomo mkubwa. Tangu aambiwe ana kisukari, utani ulipungua. Dada yake alikuwa amepofuka kwa ugonjwa huohuo, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Bila macho, angeshikaje kisu? Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Binti yake akamnunulia mashine ya kupimia sukari. Asubuhi nyumbani, kabla ya kula, ilisoma sita au saba, wala hapakuwa na neno. Lakini mchana kibandani, kati ya mteja na mteja, alifuta mikono kwenye aproni, akajidunga kidole, na mashine ikasema kumi na saba. Kesho yake ikapanda zaidi. Akaona adui ni chakula cha mchana. Akaacha wali, akaacha maharage, hata mboga akaanza kuzitazama kwa jicho baya. Vidonge vya kushusha sukari tu ndivyo hakuviacha. Kila mchana mikono ikamtetemeka, jasho jembamba likamtoka, naye akajua, au alidhani anajua, kwamba sukari imepanda. Basi akazidi kujinyima. Hofu ikishika usukani, akili hukaa kiti cha nyuma.

Siku moja kisu kilimponyoka. Binti yake, aliyekuja kumsaidia, alimpima palepale: ishirini na moja. Akatoa kidonge cha ziada, mama ameze upesi. Chupa ya maji ilikuwa tupu. Wakavuka barabara hadi zahanati kuomba maji, mama akiegemea bega la mwanawe, mbele yake ukungu mtupu. Macho ndiyo hayo yanakwenda, aliwaza.

Muuguzi hakutoa maji. Aliuliza kwanza kidonge ni cha nini, kisha akaushika mkono wa mama, ukamnata. Akamnawisha kwa sabuni, akamkausha vizuri, akamdunga kidole kingine. Mbili na nusu.

"Mama, mchana ulikuwa unapima nanasi," alisema, huku akikoroga sukari kwenye glasi ya maji. "Damu yako imeishiwa sukari. Kunywa."

Mama Nanasi alikaza meno. Sukari? Yeye? Muuguzi alimshikia glasi mpaka ikaisha, akimweleza kwamba anayemeza vidonge vile haruki mlo: wali uwe kiasi, mboga ziwe nyingi, lakini ale. Na anawe mikono kabla ya kupima.

Ukungu ulipoanza kuondoka, alimwona binti yake amekaa sakafuni, kidonge bado kiko mkononi.

"Ningekupa, mama."

"Na mimi ningekimeza, mwanangu."